Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Kikundi cha Kusaidiana cha Wanawake Wenye Saratani ya Matiti, na Kukifanya Kidumu

Kila mwaka swali ni lile lile: kwa nini vikundi vya wanawake wenye saratani ya matiti huanza kwa shangwe mwezi Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, fulana za rangi ya waridi zikiwa bado zinanukia dukani, na ikifika Pasaka vimekwisha sambaratika? Wanaoulizwa hutaja nauli, majungu na shughuli nyingi. Sababu hizo zipo, lakini kwa maoni yangu ni za juu juu. Vikundi vingi hufa kwa kuwa viliundwa kwa ajili ya siku njema peke yake. Hakuna aliyepanga kitakachofanyika mwenzao atakaporudiwa na ugonjwa au atakapofariki, na siku hiyo ikifika wanachama hutawanyika kimyakimya, kila mmoja na hofu yake.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuzingatia hilo tangu mwanzo. Nimeandika nikiwa na mazingira ya Tanzania akilini. Msomaji wa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi, mengine yatabaki yalivyo.

## Kabla ya yote: kikundi kinaweza nini

Usimwahidi mtu yeyote kwamba kikundi kitamponya wala kumrefushia maisha. Mwaka 1989, David Spiegel na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliokutana katika kikundi waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao, na habari hiyo bado inanukuliwa mpaka leo. Hata hivyo, Pamela Goodwin na wenzake wa Kanada walipowafuatilia wanawake 235 na kutoa matokeo mwaka 2001, hawakuona tofauti yoyote katika urefu wa maisha. Na utafiti wa marudio wa Spiegel mwenyewe wa mwaka 2007 nao haukuithibitisha ile habari ya kwanza. Walichokiona watu wa Kanada ni kwamba waliokuwa kikundini walipungukiwa na huzuni na maumivu, hasa wale walioingia wakiwa na hali mbaya zaidi. Kwa mtu asiyelala usiku, hilo si jambo dogo.

Kazi ya pili ya kikundi ni kumsaidia mtu amalize matibabu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanza mwaka 2021, limeweka lengo kwamba angalau asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe tiba waliyoanza. Kwetu mwanamke hukatisha tiba kwa sababu ya nauli, kwa sababu ya neno la mganga, au kwa sababu jirani amemwambia kwamba dripu ya dawa za saratani ndiyo huua. Mwenzake aliyekwisha kupita njia hiyo humrudisha kliniki kuliko bango lolote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumwalika mtu

- Viongozi wawili, ambao angalau mmoja wao amekwisha kumaliza matibabu makali.
- Muuguzi mmoja wa kliniki ya saratani aliyekubali kupigiwa simu. Si lazima ahudhurie.
- Chumba chenye mlango unaofungwa, viti kumi na vinne vinavyoweza kusogezwa, na choo cha karibu.
- Kipimajoto cha kidijitali, karatasi laini za kupangusia, ndoo ndogo yenye mfuniko kwa anayetapika, na maji ya kunywa.
- Daftari moja la mahudhurio na daftari jingine la namba za ndugu, linalofungiwa kabatini.
- Chupa ya chai isiyo na tangawizi nyingi na kitu laini cha kula. Wenye vidonda vya mdomoni hawawezi maandazi makavu.

Kibao, bango na sare havimo katika orodha, na si kwa kusahau. Mwanamke ambaye mamamkwe wake hajui kwamba anaumwa hataingia kwenye mlango wenye bango.

## Hatua ya 1: Pata viongozi wawili, siyo mmoja

Kiongozi mmoja akiugua, akisafiri au akifiwa, kikundi hulala naye. Wawe wawili, tena wasiwe ndugu wala mashoga wa chanda na pete, ili wanachama wasione kwamba kuna kambi.

Mfuate muuguzi au afisa ustawi wa jamii wa hospitali mnakotibiwa, iwe ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Bugando, KCMC au hospitali ya mkoa, umweleze kwa barua fupi mnachotaka kufanya. Barua hiyo huwafanya watumishi wawaelekeze wagonjwa kwenu bila wasiwasi. Afisa ustawi wa jamii ana faida nyingine: yeye ndiye anayejua utaratibu wa msamaha wa gharama, ambao kwa kawaida huanzia kwa barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Dalili kwamba umefaulu: muuguzi amemtuma mgonjwa wa kwanza kwenu bila kukumbushwa.

## Hatua ya 2: Chagua siku kwa kufuata mzunguko wa dawa

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Dawa nyingi za dripu hutolewa kila baada ya siku 21. Siku za mwanzo mgonjwa huwa na kichefuchefu na uchovu. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka na hatari ya maambukizi huwa kubwa. Wiki ya tatu ndiyo anayopata nafuu.

Sasa fikiria kikundi kinachokutana kila baada ya wiki tatu. Mwanamke ambaye mkutano wa kwanza ulimkuta katika wiki yake mbaya atakuwa na hali mbaya kila mkutano, na baada ya mara mbili watu watasema hana nia. Mkikutana kila baada ya wiki mbili, mzunguko wenu na wa dawa yake havigandi pamoja, na kila mmoja hupata angalau mkutano mmoja katika kila mitatu ulioangukia wiki yake nzuri.

Chagua Jumamosi, kwa kuwa wanaopigwa mionzi huhudhuria Jumatatu hadi Ijumaa. Anza saa nne asubuhi, jua halijawa kali na daladala zimepungua watu, na malizeni saa tano na nusu.

Onyo: mwenye homa, mafua au kikohozi asije, hata akiwa kiongozi. Asipoelewa, mwambieni kwamba kuna mwenzake ambaye mafua hayo yanaweza kumlaza wodini.

## Hatua ya 3: Alika wachache, kwa maneno yasiyomfichua mtu

Anzeni na watu wanane hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, wenye sauti kubwa ndio watakaosikika peke yao.

Simu nyingi nyumbani ni za wote: mtoto huichezea, mume huipokea. Kwa hiyo ujumbe usitaje ugonjwa, hospitali wala dawa. Ujumbe wa namna hii unatosha: "Shikamoo mama. Ni Jumamosi saa nne asubuhi, pale pale tulipoelekezana. Chai ipo. Karibu sana." Mengine mwelezeni ana kwa ana, kliniki.

Wanaume nao huugua saratani ya matiti, kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya wagonjwa wote. Akitokea mmoja, msimkatae, wala msimketishe kati ya wanawake wanaotaka kuzungumzia sidiria na unyumba. Mpeni kiongozi mmoja wa kuzungumza naye pembeni, mkamtafutie mwanaume mwenzake kupitia kliniki.

## Hatua ya 4: Kubalianeni masharti siku ya kwanza kabisa

Masharti yasomwe kwa sauti, kila mmoja aitikie. Haya manne hayana mjadala:

1. Linalosemwa chumbani halitoki chumbani, hata kwa mume wa msemaji. Habari za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria, kikundi kilichovujisha siri mara moja hakirudiwi.
2. Hakuna kuuza wala kutangaza dawa, majani, unga, mafuta wala maji ya aina yoyote.
3. Hakuna kumwambia mwenzako aache au abadilishe dawa. Swali la dawa hupelekwa kwa daktari wake.
4. Dua na sala zifanywe kwa namna ambayo Mwislamu na Mkristo wote wataitikia amina, zisizidi dakika mbili.

Sharti la pili ndilo litakalowaletea kelele. Muuza virutubisho huja kwa upole, mara nyingi ni shemeji wa mwanachama, akiwa na ushuhuda na chupa mbili za bure. Mkimruhusu mara moja, kuanzia hapo kila mkutano utakuwa wake. Sababu ya kitabibu ni kwamba baadhi ya mitishamba huingiliana na dawa za saratani au huongeza mzigo kwa ini, na daktari asiyejua mgonjwa wake anakunywa nini hawezi kuelewa kwa nini vipimo vimeharibika.

Dalili kwamba umefaulu: mwanachama, siyo kiongozi, ndiye anayemwambia muuzaji, "Hapa hatuuzi, dada."

## Hatua ya 5: Endesha mkutano bila kuugeuza kuwa darasa

Viti viwe duara. Kiongozi wa kwanza aongoze mazungumzo. Wa pili aangalie nyuso, ili akiona mtu ameinuka kwenda kulia nje, amfuate.

Dakika ishirini za kwanza kila mmoja ajieleze kwa jina analotaka kuitwa na neno moja kuhusu hali yake ya leo. Asiyetaka kusema apite. Saa nzima inayofuata ni ya mazungumzo yenyewe, na dakika kumi za mwisho ni za chai na kuulizana nani ana miadi ya kliniki na ataandamana na nani.

Ugumu uko katikati. Dada mmoja anaweza kusema: "Mume wangu hajaniangalia tangu nitoke kwenye upasuaji. Nikivua nguo anazima taa." Na mama wa makamo, kwa nia njema kabisa, akamjibu: "Mshukuru Mungu uko hai, mwanangu." Hapo dada anafunga kinywa, na pengine hatakifungua tena. Kiongozi amrudishie nafasi papo hapo, kwa sauti ya chini: "Pole, dada. Tuambie zaidi, tunakusikiliza." Kisha anyamaze, hata kimya kikirefuka mpaka kikaanza kuwasumbua watu.

Ushauri utolewe tu mwenyewe akiuuliza, na utolewe kwa kuanza na "mimi nilifanya hivi", siyo "wewe unatakiwa". Mwenye neno la kuwaliza wote kila mkutano naye apewe muda wake, kisha kiongozi aseme, "Ahsante mama, sasa tumsikie mwenzetu."

Onyo: mtu akisema hataki kuishi tena, msimwache aende nyumbani peke yake. Kiongozi wa pili abaki naye, ampigie muuguzi, na ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Kila mkutano wa pili, fundishaneni jambo moja la mikono

Maneno matupu huchosha. Yafuatayo ndiyo yaliyo na manufaa zaidi, na mawili ya kwanza yafundishwe mapema.

Homa. Anayepata dripu akipima joto na kuona nyuzi 38 au zaidi, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Asimeze panadoli akasubiri asubuhi, kwa sababu dawa hiyo hushusha joto na kuficha maambukizi yanayoendelea. Kila mmoja ajifunze kukisoma kipimajoto mbele ya wenzake. Wapo watakaosema wanajua, na mkiwapa mtaona.

Mkojo mwekundu. Ile dawa nyekundu ya dripu hufanya mkojo uwe na rangi nyekundu au ya chungwa kwa siku moja au mbili. Siyo damu. Wanawake wamewahi kuacha tiba kwa hofu hii pekee.

Mkono. Tezi za kwapani zikiondolewa, mkono wa upande huo huweza kuvimba hata baada ya miaka. Mwenye ruhusa ya daktari asimame akiutazama ukuta, atambaze vidole juu kama anayepanda ngazi mpaka aone unavuta, ashuke polepole, arudie. Mkono ukivimba ghafla, ukiwa wa moto na mwekundu, ni safari ya hospitali.

Vidonge vya homoni. Mwenye tamoksifeni huandikiwa miaka mitano, na wengine hadi kumi. Joto la ghafla na jasho la usiku huwafanya wengi waache wakiona wamepona. Wasiache bila daktari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, waende hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Titi bandia la kushona. Jambo hili ndilo lijazalo chumba. Lile la silikoni ni ghali, na la pamba tupu lina kasoro moja: ni jepesi, hupanda kuelekea shingoni mchana kutwa, na mwenyewe hushinda akivuta blauzi. Dawa yake ni uzito. Kata vipande viwili vya kitambaa cha pamba laini kwa kufuata umbo la kikombe cha sidiria, vishone upande wa ndani, acha upenyo wa vidole vitatu, geuza. Jaza pamba au pamba bandia ya mito. Kisha shona kifuko kidogo cha pembeni, kijaze uwele mkavu, kikunje mshono mara mbili ili punje zisitoke, na ukiweke chini nyuma, kilalie kifua. Pima kwa mkono: shika titi lako lililobaki na hilo la kitambaa, ongeza uwele mpaka mikono ikubaliane. Mwisho, shona mfuko wa khanga iliyochakaa ndani ya sidiria ili lisitoke mtu akiinama kufagia. Siku ya kufua, toa kifuko cha uwele kwanza, la sivyo punje zitachipua. Kidonda kiwe kimepona kabisa kabla ya kuanza kulivaa.

Dalili kwamba umefaulu: mwanamke anatoka chumbani akiwa amenyoosha mabega.

## Hatua ya 7: Fedha ziwe kidogo na ziwe wazi

Wekeni mchango mdogo wa nauli na chai, asiye nacho asidaiwe. Fedha ziwekwe kwenye akaunti ya kikundi inayohitaji watu watatu kuidhinisha, siyo kwenye simu ya mweka hazina. Mkitaka kupata misaada au kutambuliwa na halmashauri, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze usajili.

Msianze kukopeshana. Najua kishawishi ni kikubwa, kwa kuwa karibu kila mmoja wenu yuko katika kikoba fulani. Lakini kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kikundi kinachoweka na kukopeshana kinatakiwa kusajiliwa kama kikundi cha huduma ndogo za fedha, na zaidi ya hapo, mgonjwa anayedaiwa huacha kuja. Atakosa mkutano kwa kuogopa deni la shilingi elfu ishirini, wakati ule ule anapowahitaji kuliko wakati wowote. Wanaotaka kikoba wakifanye kwingine, siku nyingine.

## Hatua ya 8: Jiandaeni kwa siku ugonjwa utakaporudi, na siku ya msiba

Fanyeni hatua hii katika mkutano wa tatu au wa nne, wote wakiwa wazima wa kutembea. Mkiisubiri siku yenyewe, mmechelewa.

Kila mmoja aandike kwenye lile daftari la kabatini mambo matatu: namba ya ndugu mmoja anayejua ugonjwa wake, kama angependa kutembelewa akizidiwa, na watu wake wanajua nini kuhusu hali yake. Maziko ya Kiislamu huweza kufanyika siku hiyo hiyo. Bila namba ya ndugu, mtasikia habari wiki mbili baadaye, kwenye mkutano, mbele ya kiti chake.

Saratani inapomrudia mwenzenu na kusambaa kwenye mifupa, mapafu au ini, mahitaji yake hubadilika. Yeye sasa anawaza maumivu, watoto na mirathi, huku aliyegunduliwa mwezi uliopita akiwaza nywele. Msimwondoe kikundini, ila mfungulieni pia duara dogo la wenye hali kama yake, hata wakiwa watatu tu. Muuguzi aulizwe mapema kuhusu tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso. Mofini ya maji huondoa maumivu makali, na kupewa hiyo hakuna maana kwamba hospitali imekata tamaa.

Kuhusu ziara, waende wawili kwa zamu, wasikae zaidi ya nusu saa, na wasiende na ushauri. Wabebe uji, wafue nguo, wamsuke mtoto.

Mwenzenu akifariki, mwanachama mmoja aliyeteuliwa awapigie wenzake simu mmoja mmoja. Asibandike habari kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu kuna atakayeisoma akiwa ametundikiwa dripu. Msibani kuna jambo la kuangalia: huenda majirani hawajui marehemu aliumwa nini, na kuna atakayewauliza kwa udadisi, "Ninyi mlijuana naye wapi?" Kubalianeni jibu kabla ya kutoka: "Tulikuwa tukikutana naye Jumamosi." Ni kweli, na siri ya marehemu inabaki yake.

Mkutano unaofuata usifutwe na usiwe na somo. Mtajeni kwa jina, kila mwenye neno juu yake aliseme, na anayesema "sasa ni zamu yangu" aachwe aimalize hofu yake bila kukatizwa kwa "usiseme hivyo". Kisha kiongozi awakumbushe kwamba saratani ya matiti ni magonjwa ya aina nyingi chini ya jina moja, na safari ya mwenzenu haitabiri ya mwingine. Wiki hiyo viongozi wampigie kila mwanachama.

Dalili kwamba umefaulu: mkutano wa pili baada ya msiba una watu karibu sawa na wa kabla yake.

## Hatua ya 9: Badilisheni uongozi kabla viongozi hawajachoka

Baada ya miezi sita, kiongozi mmoja apumzike, mwingine aingie na kufundishwa na aliyebaki. Miezi sita mingine ikipita, wa pili naye atoke. Hivyo hakuna siku ambayo wote wawili ni wageni.

Kiongozi anayeondoka akabidhi ufunguo wa kabati, daftari mbili, namba ya muuguzi na kitabu cha benki mbele ya wanachama wote, kisha majina ya waidhinishaji wa akaunti yabadilishwe benki wiki hiyo hiyo. Wanachama wakivuka kumi na wanne, gawanyeni vikundi viwili kwa kufuata maeneo wanakokaa, na kila kimoja kipewe kiongozi mmoja wa zamani.